Sekretere na Neno Lake la Bilulu

Kilabu yetu ya Kolwezi ilikuwa na kazi nyingi za mdomo na chache za mikono, na hili ninalisema kwa upendo, maana mama yangu mzazi ndiye alikuwa prezida wake. Tulitembelea wagonjwa, tulizibua mifereji ya kambi ya wafanyakazi, tulishona nguo za kuwapa yatima, nguo ambazo hakuna yatima duniani mwenye mabega ya namna ile. Lakini msidhani watu walijaza ukumbi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa sababu ya mifereji. Walikuja kusikia habari za kilabu zikisomwa, na katika habari zenyewe walingojea sehemu moja tu, ya mwisho, iliyoitwa Hatari za Vijana.

Msomaji alikuwa sekretere wa kilabu, jirani yetu wa nyumba ya pili. Alikuwa karani wa kampuni ya mgodi, mtu wa asili ya Kasai, jimbo la mbali na Katanga yetu, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Baba yake aliletwa na kampuni zamani kuja kufanya kazi ya shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, katika hospitali ile ile niliyozaliwa mimi, na Kasai aliijua kwa kuhadithiwa tu, kama sisi tulivyoijua Ulaya. Mungu hakuwapa yeye na mkewe mtoto. Labda ndiyo sababu aliwafanya watoto wa watu wote kuwa kazi yake, na kazi yenyewe aliifanya sana, jamani, aliifanya mpaka ikatukera.

Sheria ya kilabu ilikataza kumtaja kijana kwa jina. Sekretere aliishika sheria hiyo vizuri kabisa. Alisimama, akasafisha koo, akasema kwamba kijana mmoja, mwenye baiskeli isiyo na breki, anayekaa karibu na bomba la maji, na ambaye mama yake ana cheo kikubwa sana katika kilabu hii, ameonekana akiogelea kwenye maji ya mgodi. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mama yangu. Mama alitazama dari. Kijana huyo alikuwa yaya wangu, kaka yangu mkubwa, ambaye jioni ile alipata kichapo cha kuogelea na kingine cha kumwaibisha prezida.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "tandanse". Alilitoa kwenye Kifaransa, maana yake mwelekeo wa mambo, akalitumia kama chumvi. Kila mwezi alitueleza tandanse ya vijana inaelekea wapi: imepanda, imeshuka, imehama kutoka sinema kwenda nyuma ya sinema. Sisi watoto tukamwita Tata Tandanse, tata kwetu ni baba, na yeye alijua, na siku moja akatuambia kwa huzuni kwamba kuna tandanse mpya ya kuwapa watu wazima majina.

Miaka ile ya shibe hatari zilikuwa ndogo ndogo, za kupendeza hata. Vijana walivuta sigara moja watu watano. Wasichana walinyoosha nywele kwa dawa za kunuka mpaka ngozi ya kichwa ikatoka. Ilipokuja ile dansi ya kuzungusha kiuno, sekretere aliona wazazi hawataitambua hatari wasipoiona, basi akaweka karatasi zake chini, akavua koti, akawaonyesha. Kumbe yule mtu mkavu alikuwa na kiuno! Kina mama walipiga makofi, wakasema hawajaelewa vizuri, arudie. Akarudia. Mkewe, mama mnene mwenye kicheko cha chini chini, alijifunika uso kwa kikwembe na mabega yakamcheza. Mwezi uliofuata sekretere alikiri mbele ya watu wote kwamba tandanse ya dansi ile imepanda, hasa kwa wazazi.

Kisha mambo yakaanza kuanguka. Mgodi mkubwa uliporomoka chini kwa chini, mishahara ikawa hadithi, na unga wa kantini tulioukuta tangu tunazaliwa ukaisha kama haukuwahi kuwapo. Walimu waliacha kuja, wanafunzi wakaacha kuwangojea. Sekretere hakuacha kusoma habari zake. Alitangaza kwamba uvutaji wa sigara kwa vijana umepungua sana na komite inashukuru. Tata mmoja akauliza kutoka benchini kama komite inamshukuru Mungu au inaishukuru kampuni iliyoacha kulipa. Sekretere alijibu kwamba swali hilo halimo katika habari za mwezi huu.

Hatari zikahamia kwenye reli. Vijana walipanda juu ya mabehewa ya mizigo mpaka Tenke, mpaka Lubudi kwa wakulima, wakapeleka sabuni na nguo kuukuu, wakarudi na mahindi, wamekaa juu ya gunia huku upepo unawapiga macho. Mmoja alianguka akapoteza mguu. Yaya wangu naye alienda. Aliporudi na nusu gunia, mama alimchapa kwanza, kisha akayasaga mahindi. Tuliila hatari ile wiki nzima, na sekretere, tulipompelekea sahani, naye aliila, akasema kwa mdomo uliojaa kwamba hata hivyo ataitaja Jumapili. Akaitaja.

Sasa nieleze neno lenyewe, maana msomaji wa mbali asije akapotea. Kwetu Katanga mdudu mdogo yeyote ni kilulu, na wakiwa wengi ni bilulu. Mende, kunguni, viroboto, wote ni bilulu. Kila mwaka kabla ya mvua kilabu ilifanya kampeni ya usafi: magodoro yanatolewa juani, vitanda vinamwagiwa maji ya moto, vyoo vinapakwa chokaa. Sekretere ndiye aliyeitungia kampeni mwito wake. Yeye aliinua mkono akaita "Bilulu!", ukumbi ukajibu "Bitoke!", yaani vitoke, mara tatu, kwa furaha, na vitoto vilivyobebwa mgongoni vikaamka vikilia. Nimekua nikijibu hivyo. Nilidhani kila nchi ina siku ya kuwafokea kunguni.

Mwaka ule watu wenye sauti katika jimbo walianza kusema kwamba njaa yetu ina wenyewe, na wenyewe ni Wakasai: ndio wenye kazi za ofisini, ndio wenye nyumba nzuri, warudi kwao. Vijana wa chama chao cha siasa walifunga vitambaa vyekundu kichwani wakazunguka mitaani. Wakalichukua neno letu. Bilulu hawakuwa mende tena, walikuwa majirani. Kule Likasi watu walikuwa tayari wanalala stesheni wakingoja treni ya kuwaondoa, na sisi tulijidanganya kwamba Likasi ni mbali.

Kampeni ya usafi ilipokaribia, mama alikwenda kwa sekretere nikiwa nyuma yake nimebeba mboga. Alimwomba abadilishe mwito, aseme mende tu. Sekretere akamweleza, kwa subira ya karani, kwamba mende ni namna moja tu ya mdudu, na je, kunguni watakaa? Na chawa? Mama akasema basi mwaka huu aruke sehemu hiyo, aingie moja kwa moja kwenye mifereji. Hapo sekretere aliacha mzaha. Alimtazama mama, akasema polepole:

"Mama Prezida, nikiruka ile neno, njo nimeitika."

Mimi nilirudi nyumbani nikilizungusha kichwani. Njo ni ndiyo ya kwetu; alikuwa na maana kwamba akinyamaza atakuwa amekubali kuwa jina ni lake. Na aliuamini ukumbi. Aliwaamini watu aliowasomea habari miaka yote ile, kwamba wakisikia neno kutoka kinywani mwake watakumbuka linahusu vitanda.

Jumapili ilifika. Ukumbi ulikuwa umejaa, wazazi kwenye mabenchi, vijana wamesimama nyuma ukutani kama kawaida yao, tayari kukimbia wakitajwa. Sekretere alisoma wagonjwa, akasoma waliojifungua, akafika kwenye usafi. Akaeleza magodoro, akaeleza maji ya moto, akasahihisha Kifaransa chake mwenyewe. Kisha akainua mkono.

"Bilulu!"

Wazazi hawakujibu. Kila mtu alitazama magoti yake. Mkono wa sekretere ulikuwa bado juu, nikaanza kuomba kimoyomoyo mtu yeyote akohoe. Ndipo kutoka nyuma vijana wakajibu, kwa nguvu, kwa kicheko, wakipiga ukuta kwa viganja:

"Bitoke!"

Hawakuwa wakizungumzia kunguni. Hata vitoto vya mgongoni vilijua. Wakarudia wenyewe bila kuitwa, mara ya pili, mara ya tatu. Sekretere aliteremsha mkono taratibu, akasema asante, tuingie kwenye mifereji. Akasoma mifereji yote, njia kwa njia, sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Alipofika kwenye sehemu ambayo watu huijia, aliikunja karatasi.

"Hatari ya bijana ya mwezi huu," alisema, "mumeisikia benyewe."

Akakaa karibu na mkewe. Ilikuwa habari fupi kuliko zote alizowahi kusoma, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Mama alikuwa ameisikia sauti moja katika zile. Huwezi kumzaa mtu, ukamlea na mafua yake yote, halafu usijue sauti yake kwenye kelele. Nyumbani alimpakulia yaya bukari, ugali wetu, akamtazama akila. Yaya alisema ni mchezo tu, kila mtu anafanya, ukikataa wanakuuliza wewe ni wa nani. Kitambaa chekundu kilichungulia mfukoni mwake. Mama hakumchapa. Yaya alikuwa amekwisha kuwa mkubwa, na mama aliogopa, ninaamini, kwamba kichapo kitamrudisha kwa wenzake mapema zaidi.

Tangu siku hiyo mama alitaka jambo moja tu: sekretere asiondoke. Angeweza kuvumilia njaa, angeweza kuvumilia hata kilabu kufa. Lakini yule mtu akifukuzwa, atakuwa amefukuzwa na watu wa nyumba yetu. Alinieleza hivyo mimi, msichana wa miaka kumi na sita, tukichambua sombe, majani ya muhogo, na aliposema machozi yalimtoka akasingizia moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Basi mama alianza mipango, na mipango ya mama, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kuchekesha. Aliamua kumfundisha sekretere Kisanga, lugha ya nyumbani kwetu, ili akisimamishwa njiani aonekane mwenyeji. Kila alasiri alikwenda kwake, wakafunga mlango, akamfundisha kusalimu. Mwanafunzi alikuwa mbaya sana. Si kwamba hakujua, alijua mno. Alitaka kanuni. Alitaka kujua kwa nini neno hili linaanza hivi na lile vile, na mama, aliyekuwa hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo na mtu mwenye akili timamu, alimwambia ajibu salamu kwanza, sababu ataijua akifika mbinguni. Sekretere alijibu salamu kwa lafudhi ya kutangaza mechi. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza nyumbani mle tangu Jumapili ile.

Masomo yaliposhindikana, mama alimwambia wahamie kwetu, yeye na mkewe, wachukue chumba cha yaya. Nani atathubutu kugusa nyumba ya prezida? Sekretere alishukuru. Akanyoosha mkunjo wa suruali kwa vidole, akauliza kwa upole ule ule wa Jumapili:

"Mama, mu nyumba yako tandanse iko namna gani?"

Mama alirudi nyumbani bila kuaga. Sijawahi kumwona akitembea vile, kama mtu aliyebebeshwa maji asiyoyateka.

Vijana walikuja kwa sekretere mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, mchana kweupe, wakipiga makopo. Hawakuvunja kitu. Walisimama langoni wakasema kesho asiwepo. Sekretere alitoka na koti lake, akawatazama mmoja mmoja, na aliwajua wote: huyu wa sigara, huyu wa dansi, huyu aliyeandikwa kwa kumpenda binti wa katekista. Yaya wangu alikuwa nyuma ya wengine akitazama viatu vyake. Sekretere aliwauliza kama wamekula. Wakaondoka bila mpangilio, makopo yamenyamaza. Nusura nidhani ameshinda. Lakini asubuhi walikuwa wanapakia mkokoteni, yeye na mkewe, godoro, sufuria, cherehani, na mama yangu akasukuma nao mpaka stesheni huku akiwatukana wapita njia waliokuwa wakitazama.

Treni haikuja siku hiyo, wala wiki hiyo. Stesheni ilijaa watu waliozaliwa Kolwezi wakingoja kupelekwa kwao wasikokujua. Walilala chini ya maturubai, chini ya mabehewa mabovu, kwenye marundo ya matofali. Watoto walikufa pale kwa kuhara na surua. Hapo sina utani, na anayenitaka niufanye atafute mtu mwingine.

Kilabu yetu, ile ya maneno mengi, ndipo ilipopata mikono. Mama aliwatoa kina mama majumbani mmoja baada ya mwingine, kwa kuwaaibisha, na wakaja na masufuria ya uji. Walipofika sekretere alikuwa tayari amesimama, mikono ya shati imekunjwa mpaka kiwikoni, anadai upawa. Mama akamwambia akae, apewe. Akakataa katakata. Alisema yeye ni memba wa komite, kazi ya uji ni ya kilabu, na kilabu haijamfukuza. Basi akagawa. Kila siku aligawa uji kwa watu waliokuwa wakingoja treni kama yeye, akiwapanga mistari, akiwakemea wanaoruka zamu, suruali imeingia matope, pasi hakuna. Mwisho kabisa alikula yeye, ule ulioganda chini, amempa mgongo mama yangu ili asionekane akipokea.

Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya mizigo, yale yale vijana wetu waliyopanda kwenda kutafuta mahindi. Watu walipanda juu ya mizigo, na juu ya watu. Sekretere alimsukuma mkewe akapanda, naye akapanda, akakaa juu ya cherehani. Mama alishika ukingo wa behewa. Sekretere akamwambia, ameinama kidogo ili asipige kelele:

"Siku ya yenga usome habari. Usiruke ya bijana."

Yenga kwetu ni Jumapili. Behewa likaondoka, na mama akatembea nalo mpaka lilipomshinda mwendo.

Jumapili ilipofika, watu walikuja. Sijui kwa nini walikuja, mazoea labda. Mama alisimama mahali pa sekretere bila karatasi yoyote. Alisema wagonjwa, alisema mifereji, kwa Kifaransa kilichokuwa kikidondoka njiani. Mabenchi ya mbele, walipozoea kukaa makarani na walimu na wake zao, yalikuwa matupu. Waliobaki walikuwa wamekaa katikati, wamebanana, kana kwamba mbele kunavuja. Vijana walisimama nyuma ukutani, yaya wangu miongoni mwao.

"Hatari ya bijana," mama alisema.

Hata mimi nilidhani ataruka.

"Kijana moja alifukuza jirani yetu. Mi njo mama yake."

Mama mmoja aliguna. Mama aliwatazama vijana kule nyuma, bila hasira, na kwa sauti ya kuwaita watoto waje kula akasema:

"Mukuye ku mbele. Nafasi iko."

Hawakusogea. Mama hakurudia. Alingoja tu, mikono imeshikana tumboni, na ukumbi mzima ukangoja naye, mpaka yaya wangu alipoachana na ukuta. Alipita katikati ya mabenchi, watu wakivuta miguu kumpisha. Akakaa mbele, peke yake, kwenye benchi la watu wanane, kichwa chini. Mama akaendelea na habari.